Kabla Hujalala Chini ya Hema Mlimani

Juzi msomaji ameniandikia: "Kaka, napanda mlima msimu wa mvua, nichukue hema gani?" Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha usingizi ukaniruka. Swali lake lilinirudisha kwenye usiku nisiopenda kuusimulia.

Tulikuwa wawili, tumebakiza siku moja tufike kileleni baada ya miezi mitano ya mazoezi. Hema nilichagua mimi. Lilikuwa jepesi, na muuzaji aliniapia kuwa haliingizi maji. Saa saba usiku upepo uligeuka. Ufito wa faiba ukalia kama kuni kavu, ukapasuka, na ncha yake ikachana turubai la nje upana wa kiganja. Tulilishikilia paa kwa mikono, kwa zamu, hadi alfajiri. Mfuko wa kulalia wa mwenzangu ulilowa chepechepe. Tukashuka. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo linaniuma hadi leo.

Basi anza na fito. Za aluminiamu hupinda, na hata zikivunjika unazivisha kipande cha bomba cha akiba ukalala. Za faiba hupasuka nyuzinyuzi. Kumbuka pia kwamba kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huwa mara nne, kwa hiyo hema lililotulia bondeni halijathibitisha lolote. Tafuta lenye fito zinazokatizana mahali kadhaa, na turubai la nje linaloshuka karibu kugusa ardhi.

Zile milimita za kwenye lebo, 1,500 au 3,000, ni kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla hakijapenyeza. Sakafu ndiyo unayoipigia magoti, kwa hiyo idai zaidi kuliko paa. Lakini namba kubwa haisaidii kitu kama mishono haikuzibwa. Siku hizi naligeuza hema ndani nje palepale dukani, napitisha kidole kila mshono nikitafuta utepe. Muuzaji akinuna, na anune.

Halafu kuna matundu ya hewa. Wengi huamka na matone usoni wakadhani hema linavuja, kumbe ni mvuke wa pumzi zao umegeuka maji kwenye turubai. Usiyazibe kwa sababu ya baridi.

Ndugu zangu, tuache tamaa ya wepesi! Tunapunguza gramu kwenye kitu pekee kinachotutenga na dhoruba, halafu tunabeba vikorokoro visivyo na kazi. Hema langu la sasa lina kilo 2.5, na mwaka uliofuata lilinilaza salama kwenye mlima uleule. Mwenzangu hakuja.

Nawe uliyeniandikia, ukishanunua, lisimamishe nje usiku mvua ikinyesha, ukiwa umevaa glavu. Zipu ikikugomea hapo, lirudishe dukani kesho yake.