Roketi Haizinduliwi, Mwanangu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, kwetu Tunguu, Unguja. Nilikuwa nasoma makala kuhusu Mercury, mpango wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu anga za juu, maana babu hunihadithia kuwa kituo kimoja cha mpango huo kilikuwa hapa kwetu. Makala ilianza hivi: "Tarehe 5 Mei 1961 Marekani ilizindua mwanaanga wake wa kwanza, Alan Shepard, aliyeizunguka dunia kwa dakika 15." Mbele kidogo ikataja "waanaanga saba". Je, wingi wa mwanaanga ni wanaanga au waanaanga?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chungu kinaungua na wewe waniuliza kijiko kiko wapi. Kijiko chako nitakupa, usihofu, ila kwanza tuepue chungu.

Ilizindua mwanaanga!

Hebu tuulizane, kuzindua ni kufanya nini? Bibi harusi kaketi ukumbini tangu saa mbili usiku. Joto, feni moja imekufa, na dhahabu aliyopambwa imemfanya shingo isigeuke. Mara kaanguka, kazimia. Shangazi mtu anakuja mbio na mrashi, anamnyunyizia marashi usoni, anampepea kwa upindo wa kanga. Bibi harusi anafumbua macho, anauliza yuko wapi. Kazinduka, na aliyemzindua ni shangazi. Ndiyo kazi ya neno hili: kumrudishia mtu fahamu, kumgutusha aliyelala, kumtanabahisha aliyeghafilika. Lina ndugu yake, kuzindika, yaani kuweka zindiko, ile kinga ya kuwazuia wabaya wasiingie nyumbani. Mmoja anafunga, mwenzake anafungua, na kutoka hapo si mbali kufika kwenye kuzindua jengo au kisima. Hapo sina ugomvi na mtu.

Nina ugomvi na ulafi. Siku hizi kinazinduliwa kila kitu: albamu, sabuni, tovuti, jezi za timu. Mwaka juzi nilialikwa kwenye uzinduzi wa bomba la maji ambalo lilikuwa limeshatoa maji miezi minne. Tulikaa juani saa tatu tukimsubiri mgeni rasmi. Alipofika akakata utepe, akafungua koki, na bomba likakohoa likanyamaza. Nikasema moyoni, sasa hilo ndilo la kuzinduliwa.

Na sasa roketi. Kiingereza kina neno moja linalofanya kazi zote mbili, ya kufungua kitu kwa hafla na ya kukirusha juu. Hiyo ni shida ya Waingereza, wataijua wenyewe. Sisi tumejaaliwa maneno mbalimbali, kisha mwandishi mmoja mwenye haraka anayamwaga yote kapuni na kubaki na lile alilolizoea kwenye mialiko. Mradi wa Mercury, ulioanza mwaka 1958, sema umezinduliwa ukipenda. Roketi hurushwa. Mtu hupelekwa. Roketi ikiondoka yenyewe, imepaa au imeruka, na huyo kurusha ni mtoto wa kuruka, hakuna haja ya kumtafutia baba mwingine. (Najua, mtaani kumrusha mtu ni kumdhulumu pesa yake. Ndiyo maana nikasema mtu hupelekwa.)

Mtazame huyo Shepard aliyezinduliwa. Asubuhi ile alifungiwa ndani ya chombo chake akasubiri zaidi ya saa nne, maana kila wakikaribia kuwasha roketi panazuka jambo, mara mawingu, mara mtambo. Mwisho akachoka, akawaambia wahandisi watatue vijitatizo vyao wawashe moto. Mtu huyo ndiye wa kuzinduliwa? Yeye ndiye aliyewazindua wao!

Haki ya mwandishi nitampa. Kati ya wote waliosafiri kwa Mercury, yuko mmoja ambaye neno hilo lingemkaa: Gordon Cooper, Mei 1963, wa mwisho katika mpango. Huyo alisinzia hata kabla roketi haijawaka, na huko juu, katika safari ya saa 34, akawa Mmarekani wa kwanza kulala usingizi wa kweli akiwa anga za juu. Aliyemwamsha Cooper alimzindua, nakubali, naweka sahihi. Na Gus Grissom, Julai 1961, angelikaribia. Chombo chake kilipotua baharini mlango ukafyatuka kabla ya wakati, maji yakaingia, chombo kikazama na mwenyewe akapigana na mawimbi hadi helikopta ilipomwopoa. Lau angezimia, wangemzindua. Hakuzimia. Hata sokwe Ham, aliyetangulizwa Januari 1961 kabla ya binadamu yeyote wa Marekani, alirudi macho makavu.

Kosa la pili si la lugha tu, ni la hesabu. Shepard hakuizunguka dunia. Alipanda kilomita 187 hivi, akashuka, akaangukia Atlantiki, kama embe lililorushwa juu na mtoto. Yuri Gagarin wa Urusi ya Kisovieti, aliyemtangulia kwa majuma matatu, aliizunguka mara moja tu na safari yake ilichukua dakika 108. Dakika 15 huizunguki dunia. Mmarekani wa kwanza kuizunguka ni John Glenn, tarehe 20 Februari 1962, mara tatu, kwa saa 4 na dakika 55.

Na hapa ndipo babu yako anapoingia. Kulikuwa na mlolongo wa vituo duniani vya kufuatilia chombo na kuzungumza na aliye ndani, na cha Tunguu kilikuwa kimojawapo. Glenn alipokuwa akipita upande wetu alivuta kamba ya mpira iliyofungwa chini ya mitambo yake, mara moja kila sekunde kwa sekunde 30, ili madaktari waone moyo unavyokwenda. Mapigo yalipanda kutoka 80 hadi 124, kisha yakatulia. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, serikali mpya ilitaka kituo kiondoke, kikaondoka. Babu hakukudanganya. Mheshimu, na umwulize anasemaje: roketi imezinduliwa au imerushwa? Nina imani na jibu lake.

Mwandishi huyohuyo, naona katika kipande ulichokiambatisha, amewahi kuandika "kombora" mahali pa roketi. Nilikuwa nimeshainua fimbo, nikaishusha. Redstone iliyompeleka Shepard ilitokana na kombora la jeshi, na Atlas iliyompeleka Glenn vilevile. Kapatia bila kujua. "Anga za juu" nayo naivumilia. Zamani nilikuwa nikibisha kwamba anga ni hapa tu kunguru anapopita, lakini watu wameshaamua, na mimi nimezeeka.

Ila neno anga lina ndugu wengi wenye nuru: angaza, mwangaza, mwanga. Huyo wa mwisho ana pacha asiye na nuru, yule mwanga anayetoka usiku wa manane na kupaa kwa ungo, bila mafuta, bila kituo cha Tunguu, na kwa masimulizi ya bibi zetu alikuwa ameshafika huko kabla ya Gagarin. Wingi wake ni wanga. Usimchanganye na mwanaanga, ambaye wingi wake ni wanaanga.