Wasomaji Wauliza: Ukungu Kwenye Kitundu cha Kuchungulia cha Kamera ya Zamani

SWALI: Nina Yashica Electro 35 ya urithi. Nikichungulia naona ukungu, na kile kidoa cha katikati cha kulinganishia masafa hakionekani hata mchana kweupe. Kufuta kwa nje hakusaidii. Naweza kuifungua mwenyewe? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Unaweza, ndugu msomaji. Mara nyingi ukungu huwa umeganda upande wa ndani wa kioo cha mbele na cha jichoni: grisi kuukuu hutoa mvuke, vumbi likanasa. Huo hutoka. Cha kuogopa ni kioo kilichowekwa mshazari katikati, kinachopitisha sehemu ya mwanga na kuakisi nyingine. Utando wake ni mwembamba mno na unaweza kubanduka kwa mguso mmoja tu wa pamba.

Toa filamu na betri. Fungua mgongo, zuia uma unaoshika kopo la filamu, kisha zungusha kishikio cha kurudishia filamu kinyume cha saa. Kifuniko cha mkono wa kusogezea filamu kikandamize kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ndipo ukizungushe, koleo litakikwaruza. Skurubu ni za Kijapani, na bisibisi ya nyota ya kawaida huzitafuna vichwa. Tafuta yenye alama ya JIS, yaani kiwango cha Kijapani. Kifuniko cha juu kinyanyue taratibu: toleo la GSN la kamera hii lina waya wa flashi.

Puliza kwa kipulizio cha mpira cha kuminya kwa mkono, si kwa mdomo, mate huruka. Vioo vya kawaida vifute kwa pamba kwenye kijiti, yenye tone moja la alkoholi ya isopropili. Spiriti ya rangi huacha doa, asetoni huyeyusha plastiki. Kile cha mshazari kipulize tu. Kikibaki kichafu, jaribu kwenye kona yake maji ya betri yasiyo na asidi, bila kusugua. Pamba ikitoka na rangi, acha hapo hapo.

Utando ukiwa umeshakwisha, bandika nje, katikati ya kioo cha mbele, tepu nyeusi ya milimita 2 au 3. Huzuia taswira ya moja kwa moja, na kidoa huonekana. Si uzuri, lakini inafanya kazi.

SWALI: Nimeshasafisha, sasa zile picha mbili za kwenye kidoa cha masafa hazikutani. (Msomaji, Kigoma mjini)

JIBU: Kuna skurubu ulizigusa, au kioo kimesogea. Kabla ya kurudisha kifuniko, weka lenzi kwenye masafa ya mwisho (alama ya ∞) na utazame milima ya upande wa Kongo siku ya anga safi. Vinginevyo tumia mwezi. Skurubu moja husogeza taswira kushoto na kulia, nyingine juu na chini. Zungusha kidogo sana kila mara. Kisha pima mita 1 kwa futi kamba, kuanzia ilipo filamu, si kwenye lenzi, uhakikishe na hapo zinakutana.