Nilivyoanza kufunga hesabu ya siku yangu nyuma ya daftari la floti

Mbukwenyi! Kwa wageni wa Dodoma hiyo ni salamu ya Kigogo, itikieni mnavyojua wenyewe tuendelee.

Mimi ni wakala. Nina kibanda Nkuhungu, natoa na kuweka pesa za mitandao karibu yote, nauza na vocha, chaja, earphone za elfu tatu zile zinazosikika upande mmoja. Na wakala yeyote anajua, huwezi kufunga kibanda kabla hujahesabu: keshi iliyoko kwenye droo, floti, yaani pesa ya mtandao iliyoko kwenye kila laini, unajumlisha, ilingane na mtaji ulioanza nao asubuhi. Isipolingana hulali. Elfu kumi tu ikipotea utaitafuta mpaka saa sita usiku unapitia meseji moja moja.

Sasa miaka yote hiyo nafunga hesabu za pesa, siku yangu mwenyewe nilikuwa naiacha hivohivo, inapita, kesho nyingine.

Ilikuwa Julai, ule upepo wetu unaobeba vumbi mpaka kwenye meno, foleni imejaa, akaja mzee mmoja katokea upande wa Bahi kutoa elfu sitini aliyotumiwa na mwanae. Namba ya siri kaisahau. Kajaribu mara ya kwanza, ya pili, nikamwambia ukikosea tena inafungwa, akabaki anaiangalia simu, ananiuliza mimi, mimi namba yake ya siri naijuaje? Watu nyuma wanalalamika. Nikamwambia, mbele za watu wote, "Mzee, nenda kakumbuke huko ndo urudi, hapa watu wana haraka." Akasema, "Haya mjukuu wangu, pole na kazi." Akaenda kukaa kwenye jiwe chini ya mwarobaini. Alipoondoka hata sikumwona.

Jioni nahesabu, elfu ishirini hakuna. Mtu wa kwanza kumwangalia ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ananisaidia pale kibandani. Nikasema maneno ambayo siyaandiki hapa. Alilia. Saa nne usiku napitia meseji ndo naona, kuna mteja nilimrushia elfu ishirini na keshi yake sikuipokea, na muda ulioandikwa kwenye meseji ni uleule nilipokuwa nafokeana na mzee. Yaani kufokeana peke yangu, yeye hakufoka.

Nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari la floti, kaunta buku ya kwaya mbili, nikaandika: Nimemfukuza mzee. Nimemsingizia mdogo wangu. Hela nimetoa mwenyewe. Basi, nikalala. Kesho yake nilipofunga hesabu nikajikuta nafungua tena kule nyuma.

Msifikiri ilikuwa mara ya kwanza kujaribu mambo haya. Kabla ya hapo nilishanunua diary nzuri yenye jalada gumu, ina maswali imekuandikia, leo unashukuru nini, leo umejifunza nini. Siku sita mfululizo niliandika "nashukuru kwa uzima", siku ya saba nikaanza kuandikia madeni ya vocha, na mpaka leo ndo kazi yake.

Nikaja kusikia habari za Benjamin Franklin, yule Mmarekani wa karne ya 18. Alijiwekea tabia njema 13, kila wiki anakazania moja, kwa hiyo anazunguka zote mara nne kwa mwaka, na usiku anatia nukta nyeusi kwenye jedwali kila alipokosea. Nikachora jedwali langu. Jamani, siku tisa tu daftari likawa kama lina surua! Nukta kila mahali na bado sijui kwa nini nakosea. (Franklin mwenyewe alikiri kuwa utaratibu, kupanga vitu vyake na muda wake, ulimshinda, na hilo ndo lilinifariji kuliko jedwali zima.)

Tofauti niliiona kwenye ile mistari mitatu. Kule kwingine nilikuwa najitolea hukumu, huku naandika kilichotokea. Ukiandika "leo nilikuwa na hasira" hujaandika kitu, hasira gani, na nani, saa ngapi? Mimi naandika hivi: "Saa kumi kasoro robo, mama wa mkaa kaomba chenji, nimemjibu kwani mimi benki." Mtu yupo, saa ipo, na neno lililonitoka lipo kama lilivyotoka bila kulipamba. Mistari mitatu, minne ikizidi sana. Ukiona unaelekea ukurasa wa pili hapo ushaanza kujitetea.

Na usitafute muda mpya wa kufanya hiki kitu maana hautaupata, tafuta kitu ambacho kila siku huwezi kukiruka ukipachike hapo. Kwangu ni floti. Wewe wa bajaji kuna ile saa unapeleka hesabu kwa bosi, wewe unayefanya kazi Mtumba kuna ile gari ya kurudi mjini jioni ambayo wote mnakuwa mmeinamia simu, mama wa nyumbani ukishaosha sufuria la mwisho. Umeme ukikatika naandika kwa tochi ya simu. Wengine wanapenda kuandika kwenye simu, mimi iligoma, nikiishika tu najikuta kwenye status za watu.

Wala sio kitu cha kizungu. Jirani yangu muuza viungo nilipomsimulia akacheka, akasema kwetu Waislamu hiyo ni muhasaba, mtu anajihesabu kabla hajalala. Na mimi Mkatoliki kwenye sala ya jioni kuna pale pa kunyamaza kidogo mtu achunguze dhamiri yake, ila kusema kweli miaka mingi ule ukimya nilikuwa nautumia kuwaza mboga ya kesho.

Sasa kuandika tu hakukunibadilisha. Kilichonibadilisha ni kusoma. Baada ya kama mwezi, Jumapili moja kibanda kimepoa, nikarudi kusoma kuanzia ule usiku wa mzee. Nikaanza kupigia mstari kila ugomvi. Nilipomaliza nikaona kitu cha ajabu, karibu zote ni kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Asubuhi hakuna, usiku hakuna. Nikajiuliza saa tisa kuna nini, wateja wabaya wanakuja saa tisa? Mdogo wangu kasikia namuuliza, kajibu bila hata kuniangalia, "Dada, wewe si huwa huli mchana."

Aisee. Nilikuwa nanywa chai saa moja asubuhi, afu mpaka usiku. Muda wote huo nilijua nina roho mbaya, nimeshaiombea hiyo roho kanisani, kumbe njaa! Sasa hivi mama ntilie ananiletea ugali na mlenda saa saba, buku jero, naukalia kimya hata foleni ikiwepo. Sisemi nimekuwa malaika, wiki iliyopita tu nimemjibu mtu vibaya na nimeshiba, ila ukurasa wa sasa na ule wa Julai ni wa watu wawili tofauti.

Kuna siku nimeruka. Kuna wiki nzima nimeruka, nilikuwa naumwa. Zamani ningesema basi imeshaharibika naacha. Kuna watafiti wa UCL, chuo kikuu cha London, mwaka 2009 walitoa matokeo ya watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia mpya, wakakuta kwa wastani inachukua siku 66 kitu kikae chenyewe, ila kuna aliyechukua siku 18 na kuna waliyemkadiria siku 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo zile siku 21 za motivesheni spika msizibebe sana. Ukiruka, usirudi kujaza siku za nyuma kwa kubuni, andika ya leo.

Na ukiona kila usiku unajichapa tu na usingizi unakukimbia, funga daftari utafute mtu wa kuongea nae, hapo daftari halitoshi.

Kitu cha pili nilichokiona kule nyuma kilinisumbua zaidi ya njaa. "Sijampigia mama." Kesho yake, "Sijampigia mama." Siku kumi na moja nimeandika hivohivo kwa mkono wangu, na mimi ndo nauza vocha. Mama yuko Mpwapwa. Ilibidi niandike mstari ambao sikuupenda: simpigii kwa sababu ataomba hela na naona aibu kusema sina. Wakala, pesa zinapita mkononi kutwa nzima, nani ataamini huna?

Usiku huohuo nikapiga, daftari bado liko wazi. Tumeongea kuku, tumeongea mvua iliyokataa, afu ikafika, nina shida na elfu kumi na tano. Nikamwambia mama, ninayo tano tu, nyingine zote ni za watu.

Kanyamaza kidogo. Akasema, "Haya, leta hiyohiyo tano. Na ya kutolea."