Saa ya mfukoni inatembea kidogo kisha inasimama: ninunue?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Kuna mzee anauza saa ya mfukoni ya Elgin, saizi 12, mashine imeandikwa vito 15. Ukiitikisa inatembea dakika moja, kisha inasimama. Anasema ilitiwa ufunguo kupita kiasi, na tone la mafuta ya cherehani litaiamsha. Bei ni ndogo. Nataka niwe natembea nayo kila siku, si kuiweka kabatini. Ninunue? Nikinunua nianzie wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, saa haiharibiki kwa kutiwa ufunguo hadi mwisho. Springi ikijaa na saa isitembee, maana yake nguvu ipo ila haifiki kwenye balansi, lile gurudumu linalocheza huku na huku. Mara nyingi, ama mafuta ya zamani yamekauka yakawa gundi, ama ncha ya mhimili wa balansi imevunjika. Hapo ndipo uamuzi wako ulipo. Uchafu unaoshwa. Mhimili uliovunjika unataka fundi mwenye mashine ya kukerezea, na kazi hiyo mara nyingi huzidi bei ya saa yenyewe.

Ncha hizo zina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na saa za enzi hizo hazina kinga ya mshtuko. Ikianguka sakafuni mara moja tu, yatosha kuzivunja. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, omba mfuniko wa nyuma ufunguliwe, uangalie kwa kioo cha kukuza. Zungusha saa taratibu mkononi: balansi nzima hucheza kwa wepesi na kuchelewa kutulia. Fanya hivyo uso ukiwa juu, kisha uso ukiwa chini. Ikicheza upande mmoja na kukwama upande mwingine, shuku ncha. Mwisho, gusa ukingo wa balansi kwa unywele wa brashi laini, uinue kidogo sana. Inatakiwa iwe na nafasi ndogo mno ya kupanda na kushuka. Ikilala upande au ikiyumba kama pia inayotaka kuanguka, mrudishie mzee saa yake.

Angalia pia kutu kwenye vyuma vya bluu na vyeupe. Vumbi jeusi lisikutishe, lakini kutu nyekundu kwenye springi nyembamba ya balansi ni sababu ya kuiacha. Namba ya kesi, yaani ganda la nje, isipolingana na ya mashine, si udanganyifu: zamani Marekani mnunuzi aliweza kuchagua mashine na kesi mbalimbali dukani. Namba inayokueleza umri na aina ni ile ya kwenye mashine.

Ikipita hapo, nunua. Vito 15, yaani vijiwe vigumu vinavyopunguza msuguano na kuchakaa, vinatosha kabisa kwa matumizi ya kila siku, kwa sababu havilindi balansi na uma wake (kipande kinachoisukuma) tu kama vile 7 vya saa za bei ya chini, bali vinabeba na magurudumu yanayofuata. Elgin ilitoa saa yake ya kwanza mwaka 1867 na kwa jumla ikatengeneza karibu milioni 60, kwa hiyo vipuri vipo. Mara nyingi kipuri rahisi kuliko vyote ni mashine nyingine iliyokufa ya aina ileile.

Sasa kuosha. Mafuta ya cherehani weka mbali. Yakitiwa juu ya uchafu yanauchukua hadi ndani ya vito, kisha yanatambaa mpaka kwenye springi ya balansi. Mizunguko yake ikigandana, springi inakuwa kama imefupishwa, na saa inawahi dakika nyingi kwa siku.

Kwanza toa nguvu ya springi kuu. Shika kifundo cha kutilia ufunguo kwa vidole viwili, sukuma kile kizuizi kidogo kinachoshika gurudumu la meno, kisha acha kifundo kirudi nyuma polepole kati ya vidole. Usikiachie. Ukitoa uma wa balansi wakati nguvu bado imo, magurudumu yatafyatuka na kuvunja meno au ncha. Mashine ikishatoka kwenye kesi, usishangae kifundo kikizungusha mishale badala ya kutia ufunguo. Saa nyingi za Kimarekani hurudi kwenye hali ya kupanga saa zikiwa nje ya kesi, na wengi wamedhani zimeharibika.

Skrubu za pembeni zinazoshika uso legeza kidogo tu, kisha uinue uso wima, maana miguu yake huvunjika. Piga picha kila hatua. Magurudumu na mabamba osha kwa petroli nyeupe safi mahali penye hewa, mbali na moto, kwa brashi laini. Kila tundu la kito lichokoe kwa kijiti cha mti kilichochongwa, ukikizungusha na kukichonga upya mpaka kitoke cheupe. Hapa ndipo wengi huchoka mapema, na hapa ndipo saa inaponea. Balansi na uma usiviloweke kwenye spiriti: vito vyake vimeshikwa kwa gundi ya shelaki, nayo inayeyuka humo.

Springi kuu ukiitoa, iweke mezani. Nzima hujitanua sana, na nyingine hupinda kama herufi S. Ikibaki imejikunja karibu upana ule wa ndani ya pipa lake, imechoka. Pima upana, unene na urefu, uagize mpya.

Mafuta tumia ya saa: mepesi, kama Moebius 9010, kwa balansi na gurudumu linalosukuma uma, mazito zaidi kwa magurudumu ya polepole. Jaza nusu tu ya kikombe cha kito. Meno ya magurudumu na springi ya balansi visiguswe na mafuta.

Ikifungwa vizuri, mashine hii hupiga mara 18,000 kwa saa. Ikiwa imelala, balansi ikicheza digrii 250 hadi 300 kwenye kipimo, umeosha vizuri. Kuwahi au kuchelewa chini ya dakika moja kwa siku ni sawa kwa umri wake.

Itie ufunguo kila asubuhi wakati uleule. Ipe mfuko wake peke yake, mnyororo ukiwa kwenye tundu la kifungo; funguo zinakwaruza kioo, na simu ina sumaku. Ikianza kuwahi ghafla, weka dira ndogo juu ya balansi: sindano ikitetemeka, saa imeshika sumaku, na kuitoa ni kazi ya dakika moja kwa fundi mwenye kifaa. Kesi hizi hazizibi maji wala jasho, na hewa ya Tanga ina chumvi, kwa hiyo ifute kila jioni na uioshe upya kila baada ya miaka 3 hivi. Na uso ukiwa na rangi ya zamani ya kung'aa gizani, usiikwangue kabisa: huenda ni radiamu, madini yenye mionzi, na vumbi lake ni sumu.