Maswali ya Wasomaji: Nyanya Nilizokausha Zimeota Ukungu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto watano, mkazi wa Katuba, hapa Lubumbashi. Mwezi wa saba, nyanya zilipojaa sokoni na bei ikashuka, nilinunua kilo 10, nikazikata vipande na kuzianika juu ya bati la jiko kwa siku mbili, mchana na usiku. Nilipoona zimejikunja na kuwa ngumu, nilizitia katika mfuko wa plastiki nikaufunga. Baada ya majuma mawili nilikuta ukungu wa kijivu. Frigo tunayo, lakini umeme unakatika kiasi kwamba tumeigeuza kabati, na nyumba ni ya vyumba viwili tu. Je, naweza kuosha vipande ambavyo bado ni vizuri nikavipika? Nilikosea wapi? Na matembele je, mbona yale niliyoanika yalipauka kama nyasi?

JIBU: Mama, tunakushukuru kwa barua yako, na tunasikitika pamoja nawe kwa fedha na jasho lililopotea. Tuanze na lile lisilongoja: usivioshe, usivipike, vitupe vyote, hata vile vinavyoonekana safi. Ukungu unaoonekana ni sehemu ndogo tu ya ule uliokwisha kuenea ndani ya mfuko, na baadhi ya aina zake huacha sumu ambayo moto wa kupikia hauiondoi.

Sasa kuhusu kosa. Nyanya ni maji karibu yote: katika kilo zako 10, zaidi ya kilo 9 zilikuwa maji, na kazi ya kukausha ni kuyatoa hayo maji mpaka ukungu ukose mahali pa kuishi. Jua la kiangazi chetu ni kali na hewa ni kavu, kwa hiyo wengi hudhani kwamba jua peke yake linatosha. Lakini kinachobeba maji ni hewa inayopita, na bati halipitishi hewa chini ya kipande. Juu kulikauka upesi kukafanya ngozi ngumu, na ngozi hiyo ikayafungia maji ndani. Kisha ukaziacha nje usiku. Usiku wa mwezi wa saba hapa ni wa baridi na umande, na chakula kilichoanza kukauka hunywa unyevu kama kitambaa. Hivyo kila asubuhi ulikuwa unaanza upya sehemu ya kazi ya jana. Zaidi ya hayo, uchachu wa nyanya hula madini yanayofunika bati, na madini hayo hayafai kuingia tumboni.

Safari nyingine, kata vipande vyembamba vya milimita 5 hadi 7, vyote vya unene mmoja, kwa sababu kile kinene ndicho kitakachooza na kuviharibu vyenzake. Vipange bila kugusana juu ya chandarua safi kilichokazwa kwenye fremu ya mbao, fremu iwe na miguu ya kufika kiunoni, na juu yake weka chandarua kingine. Usikipuuze hiki cha juu: kinazuia nzi, na pia kinapunguza vumbi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti uliokuta kobalti na madini mengine kwa wingi katika mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini. Kwa kuwa vumbi linaweza kubeba madini hayo, mimi binafsi singeanika chakula kando ya barabara ya malori hata kama pana jua zuri namna gani. Anika nyuma ya nyumba, mbali na njia. Jua linapoinama, ingiza fremu ndani, na asubuhi umande ukiisha uitoe tena. Nyanya zitahitaji siku 3 au 4, pengine 5.

Usizipime zikiwa bado na joto la jua, kwa sababu joto hudanganya vidole. Chukua kipande, kiache kivulini mpaka kipoe, kisha kikunje na kukiminya: kiwe kama ngozi ya kiatu, na kisitoe hata tone. Hapo ndipo wengi husherehekea mapema. Tia vipande katika chupa za kioo, zile za mayonezi zinafaa sana, ujaze theluthi mbili tu, ufunge, na kwa juma zima utikise kila siku. Ukiona jasho ndani ya kioo, rudisha vyote kwenye fremu siku hiyo hiyo. Ukifanya hivi mwaka huu, mama, hutapoteza tena: mfuko wako ungekuwa chupa, ungeliona lile jasho siku ya pili. Kilo 10 zitakupa takriban gramu 600, nazo zitaenea chini ya kitanda, mahali penye giza na ubaridi, kwa miezi kama sita.

Matembele yanataka njia nyingine. Yatie katika maji yanayochemka kwa dakika 2, yatoe, yapoze kwa maji baridi, kisha yaanike kivulini penye upepo. Jua la moja kwa moja ndilo lililoyapausha, na pamoja na rangi likachukua sehemu kubwa ya vitamini A ambayo watoto wako wanaihitaji. Bibi yangu alikausha yake chini ya paa la nyasi lisilo na kuta, nayo yalibaki ya kijani mpaka mvua. Lengalenga (mchicha) ni vivyo hivyo. Matamba, yaani majani ya muhogo, kwanza yatwangwe, na wakati wa kula yapikwe kwa muda mrefu, kwani kuyakausha tu hakutoshi kuondoa sumu yake. Nyama usijaribu.

SWALI: Kijana wa Ruashi anauliza kama anaweza kukausha maembe ya mwezi wa kumi na mbili ndani ya nyumba, juu ya mbabula, yaani jiko la makala (makaa ya kupikia).

JIBU: Hapana, mdogo wetu. Makala yanayowaka ndani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imeua familia zilizolala karibu na mbabula. Tena bei ya gunia la makala itakula faida yote. Tumia maembe ya kwanza, yale yanayoiva kabla mvua hazijashika, uyakate vipande vya nusu sentimita na kuyaanika kama nyanya. Yakiwa tayari, kipande hukunjika bila kuvunjika na hakinati vidoleni. Mawingu yakikukuta katikati ya kazi, pika jemu siku hiyo hiyo.