Geuka, Uipe Skrini Mgongo

Natengeneza picha zinazooneshwa kwenye skrini nyuma ya wanamuziki, na wanaoanza kazi hii huniuliza mawazo nayatoa wapi. Nayatoa kwenye matamasha, ila si kwa kurekodi skrini ya mwenzangu kwa simu. Ukifanya hivyo utarudi na kazi ya mtu mwingine, tena nusu yake, maana simu haibebi ule ukubwa wala lile giza linaloizunguka.

Kwanza nenda nyuma kabisa, walipo watu waliochelewa. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, ilhali mwanga hufika papo hapo. Kwa hiyo aliyesimama mita 85 kutoka jukwaani anaiona picha robo sekunde kabla ya ngoma kumfikia. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, hiyo ni nusu ya pigo: mmweko ulioulenga sawasawa na ngoma, kwake unaangukia katikati ya mapigo mawili. Ndiyo maana sifukuzi kila pigo. Nafuata mwendo mkubwa wa wimbo, yaani ubeti, kiitikio na pale ngoma zinaponyamaza. Mabadiliko ya namna hiyo yanawafikia wa mbele na wa nyuma vilevile.

Kisha sogea mbele, ugeuke utazame watu. Hapa ndipo ninapookota mengi. Skrini ikijaa weupe, nyuso za safu za mbele zinaonekana zote, na watu huanza kutazamana, kucheka na kuimbiana. Ikiingia bluu nzito, wanatulia na macho yanarudi kwa mwimbaji. Andika ulichokiona na sehemu ya wimbo kilipotokea. Daftari langu limejaa maneno kama “weupe, kiitikio cha mwisho, mikono juu”, na maneno hayo yananifaa kuliko video.

Fika pia jua likiwa bado juu. Mchana mistari myembamba na rangi hafifu hupotea kabisa. Yanayobaki ni maumbo makubwa yenye utofauti mkali.

Kwa mbinu zenyewe, rudi kwa waliotangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kundi la Joshua Light Show lilifanya kazi kwenye ukumbi wa Fillmore East, New York, likichezesha mafuta na maji ya rangi juu ya projekta wakati muziki ukipigwa. Hili unaweza kulijaribu mezani. Weka maji yenye rangi kwenye sahani ya kioo, mimina mafuta kidogo, mulika kutoka chini, kisha bonyeza kwa kioo kingine chepesi huku wimbo ukicheza. Matone yanatanuka na kujikunja kwa mkono wako, na hakuna programu iliyowahi kunipa ule uhai.

Epuka mimweko inayozidi mitatu kwa sekunde, kwani inaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watazamaji. Hapo sioni mjadala.

Na kabla ya onyesho, mtafute fundi wa taa mpatane rangi wimbo kwa wimbo. Yeye akimwaga nyekundu jukwaani na wewe ukajaza nyekundu nyuma, mwimbaji anamezwa. Mwachie nyekundu yake, wewe ubaki na giza.