Ugali kumkwama mama kifuani

Pole sana, dada. Umesema mama ana kiungulia cha miaka mingi na sasa ugali humkwama kifuani. Unauliza kama ni umio, yaani mrija wa chakula, kuvimba au misuli yake kulegea. Huenda ni vyote. Asidi ikichoma umio, misuli husukuma kwa unyonge. Chakula na asidi vikikawia humo, uvimbe huzidi.

Mtazame akila. Kama hata maji yalikwama tangu mwanzo, shuku misuli. Ikiwa ni ugali tu, na hali inazidi, umio huenda umebana, na saratani ya umio iko juu hapa Kenya. Acha kumnunulia dawa za asidi kwa kemisti hapo Kayole. Apigwe kamera ya umio (endoskopi, kamera ndogo inayopitishwa mdomoni) upesi, wachukue na vinyama vya kupima maabara. Isipoonyesha kitu, ndipo misuli ipimwe.